Bidhaa Ipo Wapi? Uongo wa Mahali katika Masoko ya Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika zama hizi za utandawazi, hata hivyo, njia hiyo imerefushwa mno. Yaweza kuanzia katika bohari moja mjini Shenzhen, ikavuka Bahari ya Hindi, ikatua katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha ikaishia kwenye dirisha la kuchukulia vifurushi hapa mjini Kakamega, majuma sita baada ya mnunuzi kuelezwa kwamba bidhaa yake iko Nairobi. Uongo wa namna hii ndio mada ya makala haya. Si uongo kuhusu ubora wa bidhaa, wala si uongo kuhusu bei yake. Ni uongo kuhusu mahali ilipo.

Huenda msomaji akauliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na habari za betri, chaja na viatu vinavyouzwa mtandaoni? Je, hayo si mambo ya wenzetu wa idara za biashara na sheria? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kadiri ya uwezo wangu. Kwa sasa itoshe kusema kwamba uongo huu hutendwa kwa neno moja, nalo ni neno ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelisoma, tukalichambua na kulitolea mifano mitihanini tangu mwaka wa kwanza. Neno lenyewe ni mahali.

Msimamo wangu ni huu: mahali ilipo bidhaa ni sehemu ya bidhaa yenyewe, kama ilivyo rangi yake, ukubwa wake na bei yake. Anayedanganya kuhusu mahali amedanganya kuhusu bidhaa, hata kama kilichomo ndani ya kifurushi ni kile kile kilichoonyeshwa pichani.

Yaliyonisibu

Mwaka jana, nikiwa katika hatua za mwisho za kuandika tasnifu yangu, betri ya kipakatalishi changu ilikata roho. Kipakatalishi kiliweza kufanya kazi kikiwa kimechomekwa ukutani tu, na msomaji anayeishi katika mitaa ya wanafunzi viungani mwa mji huu anajua jinsi umeme unavyokuja na kuondoka upendavyo. Nilizunguka maduka ya mjini bila kupata betri ya aina ile. Fundi mmoja aliniahidi kuniagizia kutoka Nairobi kwa shilingi 4,500. Niliiona bei hiyo kuwa kali, nikageukia soko la mtandaoni.

Huko niliipata betri kwa shilingi 3,100. Picha ilikuwa safi, na chini yake paliandikwa kwa Kiingereza neno la kumaanisha mahali, likafuatwa na jina la Nairobi. Basi, nikalipa kwa simu.

Ningependa msomaji afahamu kwamba kwa mtu wa Kakamega jina Nairobi si jina la mji tu. Ni kipimo cha wakati. Likitajwa kuhusu mzigo, tafsiri yake ni safari ya usiku mmoja: mzigo hupakiwa kwenye basi jioni na asubuhi yake umefika. Mimi nilipolisoma jina lile sikusoma jiografia. Nilisoma kesho kutwa.

Siku ya tatu nilitumiwa nambari ya kufuatilia kifurushi. Nilipoiingiza nilielezwa kwamba kifurushi kimepokelewa kwa msafirishaji katika mkoa wa Guangdong, nchini Uchina. Nilidhani nimekosea tarakimu. Nilimwandikia muuzaji, naye akanijibu kwa upole mwingi, katika Kiingereza kilichonuka tafsiri ya mashine, kwamba nisiwe na shaka, bidhaa iko njiani. Hilo lilikuwa kweli. Nilipouliza mbona ameandika Nairobi, alinijibu kwamba Nairobi ndipo bidhaa inapoelekea. Nilishindwa kucheka, nikashindwa kulia.

Betri ilifika baada ya siku 41. Nilikuwa nimekwisha kumlipa fundi wa mjini shilingi zake 4,500, maana tarehe ya kuwasilisha tasnifu haikungoja meli wala ndege. Aidha, betri yenyewe haikuingia katika nafasi yake. Nilipoomba kuirudisha, nilipewa anwani ya bohari huko huko Guangdong na kuelezwa kwamba gharama ya kuirudisha ni juu yangu. Nilipouliza gharama hiyo, niliona ya kwamba ingekaribia bei ya betri yenyewe. Betri ingali mezani pangu ninapoandika maneno haya. Naitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo.

Kijana aliyenikabidhi kifurushi alinitazama kwa huruma. "Si wewe peke yako, ndugu yangu," akaniambia. "Wengi huja hapa siku ya tatu wakidai mzigo wa Nairobi, nami huwaambia warudi mwezi ujao."

Somo la soko la viazi

Juma hilo hilo nilikwenda sokoni kununua viazi. Nilimwuliza mama aliyekuwa akiviuza, "Mama, viazi hivi ni vya wapi?"

"Ni vya Molo, mwanangu," akanijibu bila kusita.

"Na vikiwa vimeoza ndani?"

"Utavirudisha hapa. Mimi nipo hapa kila siku isipokuwa Jumapili."

Katika maneno hayo machache mama yule alieleza jambo zima ambalo mimi nahitaji kurasa kulieleza. Alitenganisha vitu viwili ambavyo masoko ya mtandaoni yanavichanganya: bidhaa ilikotoka na mahali alipo wa kujibu. Viazi kutoka Molo si aibu. Betri kutoka Uchina si aibu vilevile, kwani vifaa vingi vya umeme tunavyovitumia hutengenezwa huko na sote twajua hivyo. Sina ugomvi na Uchina wala na Wachina. Ugomvi wangu ni na kauli isemayo bidhaa ipo hapa ilhali iko kule, na isemayo muuzaji yupo ilhali hayupo.

Kiambishi hakimfichi mwongo

Nirejee sasa kwenye lile swali la awali, la Kiswahili kuhusikaje. Tunafahamu kwamba lugha yetu ina ngeli ya mahali, ile ya PA-KU-MU. Viambishi po, ko na mo hutofautisha mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. Tukisema kifurushi kipo, twadai kwamba twaweza kukionyesha kwa kidole. Tukisema kiko, twakiri kwamba kipo sehemu fulani ambayo hatuna hakika nayo au iliyo mbali nasi. Tukisema kimo, twataja kile kilichokizingira: kimo ghalani, kimo ndegeni, kimo forodhani. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi, hususan huku bara, hutumia ko mahali pa po bila kujali. Hata hivyo, tofauti ingalipo kwa anayeihitaji.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Kiswahili hakikuruhusu kusema mahali bila kusema ni mahali pa nani au pa nini. Bidhaa iko, muuzaji yuko, kifurushi kiko, fedha ziko, mahakama iko. Kila jina hudai kiambishi chake cha upatanisho. Sasa itazame ile lebo ya soko la mtandaoni: mahali, nukta mbili, Nairobi. Haina kitenzi. Haina kiima. Ni mahali pa nini? Pa bidhaa? Pa muuzaji? Pa wakala aliyekodishwa kabati katika jengo fulani? Au ni mahali pa mnunuzi, kama yule muuzaji wangu alivyodai kwamba Nairobi ndiko mzigo unakoelekea? Lebo isiyo na kiima haiwezi kushtakiwa kwa uongo, kwa kuwa haijasema lolote lililo kamili. Mnunuzi ndiye anayeikamilisha mwenyewe akilini, naye huikamilisha kwa matumaini yake.

Lebo hiyo ingalazimika kuandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwa sentensi kamili, mwongo angepungukiwa na maficho. Angetakiwa kuandika "Bidhaa ipo Nairobi" au "Muuzaji yuko Nairobi". Hapo angekuwa amesema ukweli au amesema uongo, na uongo wake ungekuwa na mwanzo na mwisho. Sisemi kwamba Kiswahili hakiwezi kudanganya. Matapeli wengi waliotuibia walituibia kwa Kiswahili fasaha chenye salamu na misemo. Ninachosema ni kwamba sarufi ya lugha yetu inauliza maswali ambayo lebo ya neno moja inayakwepa, na maswali hayo ndiyo anayoyahitaji mnunuzi.

Biashara ya mbali si ngeni kwetu

Wapo watakaosema kwamba matatizo haya ni matunda ya teknolojia mpya na kwamba hatuna budi kuyazoea. Sikubaliani nao. Biashara ya mbali si ngeni katika pembe hii ya nchi. Mumias, mji ulio ndani ya kaunti yetu hii, ulikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika hapo mwaka wa 1883 na kuukuta ukijulikana kwa jina la Kwa Sundu. Misafara hiyo ilileta nguo na shanga na kurudi na pembe za ndovu, na pamoja na mizigo hiyo ililetwa lugha tunayoitumia kuandika jarida hili. Yaani Kiswahili kilifika huku kikiwa mgongoni mwa biashara. Sitaki kuipamba biashara hiyo, kwani baadhi ya misafara iliuza hata binadamu. Nakumbusha tu kwamba umbali pekee si jambo jipya.

Miongoni mwa nguo hizo ilikuwamo merikani, kitambaa kizito cha pamba ambacho jina lake lilieleza kilikotoka, maana kilifumwa katika viwanda vya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya miaka ya 1861 hadi 1865, vilivuruga biashara hiyo, na baadaye vitambaa vya namna hiyo vikaja kwa wingi kutoka Uingereza na Bombay, lakini jina la merikani likabaki. Kwa hivyo, jina la mahali kuandamana na bidhaa isiyotoka mahali hapo ni jambo la kale.

Tofauti ni kwamba mwenye kuuza merikani alisimama mbele ya mnunuzi. Alikula naye, alilala katika boma la mwenyeji wake, na alitaraji kupita njia hiyo hiyo mwaka uliofuata. Uso wake ulikuwa dhamana yake.

Mfano ulio bora zaidi ni wa kanga. Kwa miongo mingi kanga zilizovaliwa Mombasa, Lamu na Unguja zilichapishwa mbali: Uingereza, Uholanzi, India, Japani na baadaye Uchina. Mama wa Kimvita hakutishwa na jambo hilo. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, alizitambulisha kanga zake kwa alama ya herufi za jina lake na maneno "Mali ya Abdulla". Tutafakari maneno hayo matatu. Hayasemi kwamba kitambaa kimefumwa Mombasa. Yanasema ni nani mwenye mali, na kila mtu alijua duka lake liko wapi. Bidhaa ilitoka mbali, ila mwenye kujibu alikuwa karibu. Huo ndio mkataba wa haki baina ya umbali na uaminifu, nao ndio uliovunjwa na lebo ya Nairobi.

Kwa nini wanadanganya?

Tuwe waadilifu kwa kuchunguza sababu. Kwanza, masoko ya mtandaoni humpa mnunuzi uwezo wa kuchuja bidhaa kwa mahali. Anayetaka mzigo upesi huchagua bidhaa zilizo karibu. Muuzaji wa mbali anayesema kweli huondolewa mbele ya macho ya mnunuzi kabla bei yake haijaonekana. Mfumo, kwa hivyo, humwadhibu msema kweli.

Pili, kwa miaka mingi ilikuwa nafuu mno kutuma vifurushi vidogo kutoka Uchina. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Ulimwenguni, ulioundwa mwaka wa 1874, shirika la posta linalopokea barua na vifurushi vidogo hulipwa na lile lililovituma. Malipo hayo yalianzishwa mwaka wa 1969, na viwango vyake vilikuwa vya chini kwa nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea, Uchina ikiwa mojawapo. Malalamiko ya Marekani yalisababisha kanuni hizo kurekebishwa katika mkutano wa Geneva wa Septemba 2019. Hata hivyo, kufikia wakati huo tabia ya kuuza kitu kidogo kwa mtu aliye upande wa pili wa dunia ilikuwa imekwisha kukita mizizi, na kampuni binafsi za usafirishaji zilikuwa tayari zimeingia katika shughuli hiyo.

Tatu, muuzaji hupata faida ya muda. Mnunuzi akisubiri majuma sita, mara nyingi siku za kulalamika alizopewa na soko huwa zimekaribia kwisha au zimekwisha.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Wanunuzi wa Uingereza na Australia wamelilalamikia kwa miaka, wakieleza jinsi wanavyonunua kitu kilichotajwa kuwa London au Sydney, kisha kikawajia na stempu za Uchina. Soko la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1995, limelazimika kuwa na kanuni inayokataza wazi muuzaji kutaja mahali pasipo pa kweli. Hapa kwetu, Jumia, iliyoingia Kenya mwaka wa 2013, iliweka alama ya kutambulisha bidhaa zinazosafirishwa kutoka ng'ambo. Hatua hiyo yafaa kusifiwa, maana yathibitisha kwamba ukweli unaweza kuandikwa na biashara ikaendelea.

Hata hivyo, swali la mahali haliwahusu wauzaji tu. Jumia ilipoorodheshwa katika soko la hisa la New York mnamo Aprili 2019 kama kampuni ya Kiafrika, mjadala mkali ulizuka barani: kampuni iliyosajiliwa Ujerumani, yenye ofisi kuu Dubai na wahandisi nchini Ureno, ni ya Kiafrika kwa maana gani? Sitauamua mjadala huo hapa. Nautaja ili kuonyesha kwamba hata soko lenyewe laweza kuulizwa: liko wapi?

Hoja za wapinzani

Rafiki yangu mmoja asomaye uchumi alinikosoa nilipomweleza nia ya kuandika makala haya. Alidai kwamba nililipa bei nafuu kwa sababu bidhaa ilikuwa mbali. Kwa maoni yake, bei ilikuwa inanieleza ukweli, nami nikakataa kuisikiliza. Sikatai kwamba tamaa ilichangia. Lakini akiri naye kwamba bei ni ishara tu, ilhali neno Nairobi lilikuwa ni kauli. Haifai mtu aliyeamini kauli alaumiwe kwa kutoifasiri ishara. Tukifika hapo tutakuwa tumehalalisha kuuziana mbuzi ndani ya gunia na kumcheka mnunuzi kwa kutolipapasa gunia vya kutosha.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi. Alisema kwamba Wakenya wenzetu hufanya yayo hayo. Kijana mwenye simu mjini Nairobi hutangaza viatu asivyokuwa navyo, akapokea fedha, ndipo akaviagiza Uchina. Ni kweli, na makala haya hayawatetei. Kijana huyo anaposema viatu vipo, amedanganya kama yule wa Guangdong. Tofauti iliyopo ni kwamba aliye Nairobi aweza kufikishwa mbele ya sheria ya nchi hii, naye anajua hivyo. Aliye ng'ambo hujificha nyuma ya mpaka, na lebo ya Nairobi ndiyo inayomficha.

Isitoshe, wanaoumia si wanunuzi pekee. Fundi wetu wa hapa mjini hulipa kodi ya chumba, hulipia leseni ya kaunti na hukaa na bidhaa alizozinunua kwa mtaji wake. Anachouza si betri tu. Anauza pia ukaribu, yaani uwezo wa mteja kurudi kesho na kulalamika. Muuzaji wa ng'ambo anapojiandika kuwa yuko karibu, ameiba bidhaa ya pekee ambayo fundi huyo alikuwa nayo na yeye hana.

Sheria yasemaje?

Kenya haikosi sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, pamoja na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia anapopata hasara. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, yakiwemo yanayohusu asili ya bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu mahsusi kuhusu mikataba ya mtandaoni, nayo humtaka muuzaji kutoa habari fulani kabla ya mkataba kufungwa.

Upungufu niuonao ni wa aina mbili. Kwanza, asili ya bidhaa na mahali ilipo ni mambo mawili tofauti, kama mama muuza viazi alivyotufunza. Betri iliyotengenezwa Uchina na iliyomo katika duka la Nairobi ina asili ya Uchina na ipo Nairobi. Sheria inayotaja asili pekee yaweza kumwacha huru anayedanganya kuhusu ilipo. Pili, sheria humfikia mtu aliyepo, nayo hutaabika kumfikia asiyejulikana aliko.

Mataifa mengine yameanza kuliziba pengo hili kwa kuliwajibisha soko badala ya kumkimbiza muuzaji. Nchini India, kanuni za biashara ya mtandaoni za 2020 zinataka nchi ilikotoka bidhaa itajwe. Marekani ina sheria iliyoanza kutumika Juni 2023, inayoyataka masoko ya mtandaoni kuhakiki utambulisho wa wauzaji wakubwa. Umoja wa Ulaya, kupitia sheria yake ya huduma za kidijitali, unayataka masoko yakusanye na kuhakiki majina na anwani za wafanyabiashara kabla ya kuwaruhusu kuuza. Uchina yenyewe ina sheria ya biashara ya mtandaoni iliyoanza kutumika Januari 2019, inayowataka wenye masoko kuhakiki utambulisho na anwani za wauzaji. Ikiwa Uchina imeona haja ya kuwalinda wanunuzi wake wa ndani kwa njia hiyo, mnunuzi wa Kakamega hastahili pungufu ya hapo.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila tangazo la kuuza bidhaa kwa Wakenya mtandaoni lijibu maswali matatu kwa sentensi kamili: Bidhaa ipo wapi sasa? Muuzaji yuko wapi? Ikiwa na kasoro, itarudishwa wapi na kwa gharama ya nani? Majibu hayo yaandikwe kando ya bei, wala yasifichwe katika masharti marefu yasiyosomwa na mtu.

Pili, maelezo hayo yatolewe pia kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mama aliyeuza ng'ombe kule Malava ili amnunulie bintiye simu hana budi kuelewa anachokikubali kabla ya kukitolea fedha.

Tatu, soko lizuie fedha za mnunuzi hadi mzigo ufike, na mahali palipotajwa pakibainika kuwa si pa kweli, mnunuzi arudishiwe fedha zake zote bila kutakiwa kulipia usafirishaji. Mwenye soko ndiye aliyeuona mzigo ukitoka Guangdong katika kumbukumbu zake. Hawezi kudai kwamba hakujua.

Nne, nawageukia wanachama wenzangu na walimu wetu. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kimeachwa nyuma na teknolojia. Hii hapa kazi tunayoweza kuianza bila kungoja ruzuku. Tuunde orodha fupi ya istilahi za ununuzi wa mtandaoni: maneno ya agizo, malipo, ufuatiliaji, urejeshaji na fidia, yaliyo wazi na yanayofahamika sokoni. Tuifasiri kwa Kiswahili chepesi ile sehemu ya sheria inayohusu mikataba ya mtandaoni, tuibandike katika vituo vya kuchukulia vifurushi hapa mjini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeweza kutoa mifano ya ngeli ya PA-KU-MU darasani aweza pia kumfunza jirani yake kuuliza swali moja kabla ya kulipa: ipo, au iko?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kosa la muuzaji wa ng'ambo anayejiandika kuwa Nairobi si kosa dogo la kiuandishi. Ni kuiba wakati wa mtu, ni kumnyang'anya njia ya kurudisha alichouziwa, na ni kumpokonya fundi wa karibu thamani ya ukaribu wake. Umbali si dhambi. Waliotuletea lugha hii walitoka mbali, na kanga za mama zetu zilitoka mbali zaidi. Lakini palikuwapo mtu wa kusema mali hii ni yangu, nami nipo hapa.

Sikumaliza kueleza habari za fundi wangu. Nilipokwenda kuichukua betri aliyoniagizia, nilimwonyesha ile niliyouziwa mtandaoni. Aliigeuza mikononi, akasoma maandishi yake madogo, akaniambia kwamba ni betri nzuri, ila ni ya kipakatalishi kingine. Kisha akaichomeka ile aliyoniletea, akawasha, akangoja mpaka taa ilipowaka. "Ikikusumbua, nipo," akasema.

Neno hilo moja lina kiima, lina kiambishi cha mahali dhahiri, na lina anwani. Masoko ya mtandaoni nayo yajifunze kulisema.